Jinsi tulivyoibadilisha meseji ya saa 2 usiku

"Ni saa 2 usiku. Usisahau kumeza ARV zako."

Meseji hiyo iliingia kwenye simu ya rafiki yangu ikiwa imelala mezani. Kioo kikawaka chenyewe, na binamu yake aliyekaa jirani akaisoma yote kabla mwenye simu hajanyoosha mkono. Rafiki yangu alikuwa na miaka 17. Siri kwamba anaishi na VVU, iliyokuwa ya watu watatu, ndani ya wiki moja ikawa ya ukoo mzima. Aliifuta ile programu ya simu iliyokuwa ikimkumbusha dawa, na kwa miezi miwili dawa akawa anameza kwa kubahatisha saa.

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana walioitwa kuijaribu programu hiyo kabla haijaanza kutumika. Wenye programu walituuliza kuhusu rangi na nembo. Maneno ya meseji hatukuonyeshwa, wala sikuuliza. Jambo hilo liliniuma sana, na ndilo lililonisukuma.

Kwanza tuliwaandikia wenye programu barua ya kurasa mbili, imejaa utu, usawa na heshima. Tukajibiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa. Kila neno la barua ile nililiamini na bado naliamini, ila haikumwambia mtu yeyote kesho asubuhi akifika kazini afanye nini.

Basi nikarudi kusoma, nikitafuta vifungu vinavyogusa jambo letu hasa. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inakataza faragha ya mtoto kuingiliwa kiholela, na Maoni ya Jumla Na. 25 ya Kamati ya Haki za Mtoto inayosimamia mkataba huo, ya mwaka 2021, yanaipeleka haki hiyo mpaka kwenye simu na mitandao. Lakini kilichotusaidia zaidi ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu huduma za afya za kidijitali. Unapendekeza watu watumiwe ujumbe kuhusu afya ya uzazi na ya mama na mtoto, kwa sharti kwamba hofu juu ya faragha na maudhui nyeti ishughulikiwe. Neno "sharti" nililipigia mistari miwili.

Tulipopata kikao na wenye programu, rafiki yangu ndiye aliyetoa wazo. Hakutaka kuja, ila alikubali meseji yake itumike bila jina. Niliweka simu yangu katikati ya meza, imefungwa kwa namba ya siri, nikaendelea kuzungumza. Baada ya dakika chache mwenzetu aliyekuwa nje akatuma maneno yaleyale. Kioo kikawaka. Watu tisa waliyasoma wakiwa wamekaa vitini mwao, na hakuna aliyejua namba yangu ya siri.

Kikao kilinyamaza. Kisha kaka aliyetengeneza programu akasema taratibu, "Hii mbona ni kazi ya nusu siku tu."

Kuanzia hapo tulizungumza kwa picha za kioo, moja baada ya nyingine. Programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Tukauliza ni ya nini, na hakuna aliyekuwa na jibu, ikaondolewa. Masharti yalikuwa marefu na ya kisheria, na chini yake kitufe kimoja tu, "Nakubali". Tukaomba yaandikwe upya kwa maneno ambayo mtu wa miaka 15 anayaelewa, na kiwepo kitufe cha kufuta taarifa zako zote. Kitufe kimewekwa. Masharti bado tunayavutania, kwa sababu wanasheria wao wanataka mzazi aidhinishe kila aliye chini ya miaka 18, na sisi tunajua wapo watakaoiacha huduma kabisa kuliko kuanza kwa kumweleza mzazi. Hapo sijaridhika, na kikao kijacho tunaanza nalo.

Kuhusu meseji, sasa kila mtumiaji anajiandikia maneno yake. Rafiki yangu aliirudisha programu mwezi uliopita. Juzi tulikuwa tumekaa pamoja, kioo chake kikawaka: "Umefunga mlango?" Akainuka, akaenda kuchukua maji ya kunywa.