Mbona unafumba macho?

Wiki hii wakaguzi wamekuja shuleni na kuondoka, mdogo wangu kaposwa, na Baba Watoto amerudi kutoka Pemba baada ya miezi minne. Lakini kila nikikaa kuandika, linalonijia ni neno la Shangazi la Jumamosi asubuhi.

Mnajua kwamba tangu ule mwezi niliokosa usingizi, kila alfajiri nakwenda kukaa chini ya mti wa mkungu, pale ufukweni nyuma ya nyumba ya Mama. Nikishasali naweka simu iniite baada ya dakika 20, nafumba macho, naifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Nayapenda sana mazoezi haya. Yamenirudishia usingizi, na watoto siwafokei tena kama zamani. Nimeshawaambia humu mara ngapi kwamba nikiwa pale najiona mimi na bahari ni kitu kimoja.

Jumamosi lilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mwezi umeandama juzi yake. Sikusikia nyayo. Nilisikia tu:

"Mwanangu, mbona unafumba macho, na maji ndiyo hayo yanatoka?"

Nikafumbua. Shangazi kasimama, kanga kaikaza kiunoni, mkonjo wa kuvulia pweza mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akashika njia yake.

Mbona unafumba macho. Nimelirudia nikisahihisha madaftari, nikikuna nazi, nikimpokea Baba Watoto bandarini. Mara nalisikia kama dhihaka. Mara nalisikia kama swali la mtu aliyenikamata na uongo. Maana ungeniuliza siku ile maji ya kesho yanajaa saa ngapi, nisingejua. Simu yangu inaita saa ile ile kila siku, na maji kila siku yanachelewa kama dakika 50. Nimezaliwa Jambiani, nafundisha jiografia, namchorea mtoto wa watu ubaoni jinsi mwezi na jua vinavyoivuta bahari. Shangazi hakuchorewa na mtu, na hajawahi kukosea siku ya kwenda mwambani.

Jumapili nikamfuata. Tulitoka saa 4, tukapita katikati ya vigingi vya mwani, maji yakitufika kifundoni. Haongei akiwa kazini. Akisimama, nami nasimama. Nikaanza kuona vitu nilivyoviona mara ya mwisho nikiwa mtoto: kiti cha pweza chekundu, jongoo bahari, kaa wadogo wanaojificha kivuli chako kikiwagusa.

Akanionyesha kwa ncha ya mkonjo maganda ya kaa na chaza mbele ya kitundu.

"Hapa pana mwenyewe. Anakula ndani, taka anatupa mlangoni."

Mimi nikaona jiwe. Nikalitazama mpaka macho yakauma, na lile jiwe likavuta pumzi. Likatanuka, likanywea, kahawia yake ikaingia wekundu, na jicho likawa linanitazama. Pumzi yangu mimi sikuihesabu, sijui hata kama niliivuta.

Tukirudi, na pweza wawili kikapuni, nikashindwa kujizuia.

"Shangazi, jana uliniona mjinga?"

"Lini hiyo?"

"Uliponikuta nimefumba macho."

Akasimama kabisa. "Nilidhani unalia. Tangu mama yako atutoke, unakaa pale pake peke yako. Nikakwambia maji yanatoka ili tufuatane. Hukunyanyuka."

Siku nzima nililibeba neno lile kama mwiba, na kumbe nilikuwa naitwa. Sikupata la kumjibu. Nilimpokea kikapu tu, tukaendelea, na nilipofika chini ya mkungu ndipo nililia kweli, macho wazi, naye kasimama pembeni anakamua kanga yake.

Leo ni Alhamisi, na chai ya jioni ilikuwa na chumvi. Baba Watoto anasema ni ndoo, ndiyo tuliyooshea pweza. Nimeisugua mara mbili, nikateka maji mapya kisimani, nikaonja kabla hayajagusa sufuria. Chumvi ipo, kidogo, lakini ipo. Jirani yetu wa kusini kisima chake kilianza hivi hivi.