Nilivyorudi shule kusomea uuguzi wa figo

Nilifanya kazi wodi ya watu wazima hapa Kisumu miaka sita kabla sijarudi shule. Wagonjwa wa figo walinisumbua moyo kuliko wengine wote. Nilijua kuwapa dawa zilizoandikwa, lakini ndugu zao wakiniuliza kwa nini mgonjwa amevimba tena na juzi tu alisafishwa damu kwa mashine, nilikuwa nawatuma kwa daktari. Daktari mwenyewe alikuwa anakimbilia wodi nyingine.

Stashahada ya miaka 3 ninayo, na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Marekani, muuguzi bingwa, yaani aliyebobea kwenye aina moja ya wagonjwa, anatakiwa awe na shahada ya uzamili au ya uzamivu. Mimi nimepitia stashahada ya juu ya uuguzi wa figo, mwaka mzima wa darasani na kwenye mashine. Barua yangu ya kwanza ya kuomba likizo ya masomo haikujibiwa, nikaandika nyingine mwaka uliofuata. Karo nilikopa kwenye sako. Mtoto alibaki na mama yangu Ahero, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko mitihani.

Niliporudi, nilimkuta mama mmoja wa Nyalenda aliyekuwa akija kusafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Kila akipanda mizani ameongeza kilo nne za maji. Wote walimwambia apunguze maji, naye anaitikia, "Sawa, sista." Siku hiyo nilivuta kiti nikakaa naye, maana saa nne za mashine ni nyingi.

"Mama, jana mlikula nini? Nieleze tangu sufuria ilipoinjikwa."

"Mboga za kienyeji, osuga na dek. Mke wa mwanangu ndiye anapika. Anaweka magadi mboga ilainike, halafu maziwa."

Magadi yana sodiamu nyingi. Sodiamu inaleta kiu, na maji anayokunywa figo haziwezi kuyatoa. Tulikuwa tunamkataza maji huku kiu yenyewe inapikwa jikoni. Nikaomba aje na yule mkaza mwana. Alipokuja tulielewana: mboga ichemshwe kwenye maji mengi, maji hayo yamwagwe ili potasiamu, madini ambayo figo zake nayo haziwezi kuyatoa vizuri, ipungue, kisha apike kwa kitunguu bila magadi, na maziwa yawe kidogo sana. Wiki ya tatu mama alikuwa anaongeza kilo mbili na nusu, na usiku analala bila kuegemea mito.

Kumsaidia mama mmoja kulikuwa sehemu tu ya kazi. Muuguzi bingwa anamhudumia mgonjwa, anawafundisha wauguzi wenzake, na anarekebisha taratibu za kitengo. Kwa hiyo niliomba swali la magadi liingizwe kwenye fomu tunayojaza kabla ya mashine. Kila zamu ikibadilishana nikawa nachukua dakika kumi kufundisha jambo moja: leo namna ya kusafisha katheta, ule mrija wa kupitishia damu, kesho kwa nini mkono wenye fistula, mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, haupimwi presha wala hautolewi damu ya maabara. Wengine walinuna mwanzoni, kwa sababu dakika kumi za mtu aliyekesha si chache. Niliwaelewa, nikawa naleta chai.

Juzi nilimsikia kijana aliyeanza kazi mwaka huu akimshika mkono mzee mmoja, kabla hata hawajafika kwenye mizani: "Mzee, nyumbani nani anapika?"