Chupa ya Asali kutoka Kolwezi

Basi liliondoka Kolwezi saa kumi na mbili asubuhi, nami nimepakata chupa ya asali. Mama aliifunga mwenyewe: plastiki mdomoni, kifuniko, kisha kipande cha kitenge kilichokazwa kwa uzi. Asali ya porini, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Alijua ninampelekea yule mama Muhindi wa Lubumbashi anayeniuzia vitenge. Hakujua kwamba safari hii sikuwa naenda kununua. Nilikuwa nimealikwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu.

Kwetu tulizaliwa ndani ya Jamaa. Katanga nzima, huku kusini mwa Kongo, inaijua: ule ushirika wa Wakatoliki ulioanzia Kolwezi katika miaka ya 1950, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, akikaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao kama ndugu. Bibi yangu aliyashika mafundisho yale kwa moyo: uzima, uzazi, mapendo. Jioni alituketisha mkekani akatuambia Mungu aliumba kwa sababu mapendo hayawezi kukaa peke yake. Miaka miwili iliyopita nilipoanza kusoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa Kifaransa, kwenye simu, nilifika sura ya 9, pale Krishna, wanayemwabudu kama Mungu, anaposema kwamba mtu akimtolea jani, ua, tunda au maji kwa mapendo, yeye hupokea. Nikaiweka simu chini. Ilikuwa kama bibi amenisemesha kutoka chumba cha pili. Wahindu wana neno lao kwa mapendo hayo, bhakti, lakini mimi nilishalijua kabla sijalijua.

Yote yalianza dukani. Nyuma ya meza ya kuhesabia pesa pana rafu ndogo ya sanamu: mungu Ganesha mwenye kichwa cha tembo, Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, juu ya ua la yungiyungi, na kijiti cha ubani kinachowashwa kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa. Mara nyingi mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Nikaanza kuuliza, na yule mama, ambaye Kiswahili chake ni cha Lubumbashi kabisa, hakuwahi kunichoka.

Tulivuka Lualaba, tukapita Fungurume nyuma ya malori ya shaba, vumbi hadi kwenye meno. Kutoka hapo mpaka Likasi nilisoma Wakorintho wa Kwanza sura ya 8, juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu. Paulo anasema sanamu si kitu, lakini pia anaonya: usile ukamkwaza ndugu yako. Ndugu yangu huyo nilimjua. Alikuwa amebaki Kolwezi, amefunga chupa kwa kitenge.

Lubumbashi ilinipokea na mijakaranda imechanua, maua ya zambarau yamelala barabarani, na mbali ule mlima mweusi wa takataka za shaba na bomba lake refu la moshi. Niliingia kwanza katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Sikuomba ruhusa wala msamaha. Nilikaa tu mpaka moyo ukatulia.

Diwali huangukia usiku usio na mwezi, na jioni ile umeme nao ulikuwa umekatika mtaani. Nyumba ya mama yule niliitambua kwa taa zake: visahani vya udongo kuanzia langoni hadi mlangoni, kila kimoja na utambi wa pamba ndani ya samli. Nikavua viatu. "Jai Shri Krishna," akanisalimu, halafu, "Ingia, mutoto. Umetoka mbali."

Jikoni alikuwa akiandaa panchamrit, kinywaji cha vitu vitano: maziwa, mtindi, samli, sukari na asali. Alipofungua chupa yangu alifumba macho akainusa. Kabla sijasema neno, akaimimina. Ilishuka polepole, uzi mweusi juu ya maziwa meupe, ukajikunja mara mbili kabla ya kuzama. Nilitaka kumshika mkono. Asali ya mama yangu, anayesali rozari kila alfajiri, inakwenda kuwekwa mbele ya Krishna!

Nadhani aliuona uso wangu. Alinichukua hadi kwenye sanamu, ndogo, ya shaba. "Shaba ni shaba tu," akasema, "hata ile ya kwenu Kolwezi. Sisi tunaita mugeni aje. Akifika tunamuosha, tunamuvalisha, tunamulisha. Basi."

Nimehubiriwa tangu utoto kwamba Wahindu huabudu mawe na chuma. Waliohubiri hivyo hawakuwahi kukaa pale sakafuni wakaona mwanamke wa makamo akimfuta Mungu uso kwa kitambaa laini, kwa uangalifu ule ule wa kumfuta mtoto.

Kisha zikaletwa daftari za biashara. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua hesabu mpya usiku huo, zikabarikiwa mbele ya Lakshmi. Kwenye ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh, heri na faida. "Leta na yako," akaniambia. Daftari langu lilikuwa mkobani, limejaa madeni ya wanawake wa soko la Kolwezi. Nilisita, nikaliweka. Aliandika yale maneno kwa unga mwekundu uliolowanishwa, na chini yake, bila kuulizwa, akachora msalaba mdogo.

Kengele zililia, moto ukazungushwa. Kila mmoja alipitisha viganja juu ya mwali akajipaka joto lake machoni. Nami nikafanya hivyo. Kisha nikanyoosha kiganja cha kulia, akanitilia panchamrit kijiko kimoja, nikanywa. Ladha ya moshi ilikuwemo.

Sijabatizwa upya mahali popote. Imani yao kwamba mtu hufa na kuzaliwa tena na tena bado inanishinda, na Jumapili ninakwenda misa kwa furaha. Lakini sasa kabla ya kufungua duka nawasha ubani, na ninaposema Baba Yetu, namwita kama mtu anayemwandalia mgeni kiti.

Nilirudi Kolwezi siku ya tatu. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilikaa karibu naye nikamweleza yote: taa, daftari, sanamu ya shaba, na asali yake ilipokwenda. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alikaa hivyo muda mrefu, macho kwenye picha ya Bikira Maria ukutani.

"Watu walikuwa wengi?" akauliza.

"Kama ishirini, mama."

Akarudia maharagwe yake. "Na asali, ilitosha?"