Kulabu

Juzi usiku mwanangu alisimama mbele ya ile picha iliyo karibu na mlango wa jikoni, akauliza kwa nini nyumba zile zimeinama mbele kama watu wanaochungulia kisima, na kile chuma kilichochomoza juu, chini ya paa, ni cha nini. Nilimjibu kwamba ni kulabu ya kupandishia vitu, nikadhani nimemaliza.

Zilikuwa siku mbili tu Amsterdam, na mama yake alizipanga kwa saa na dakika. Asubuhi tulipita Herengracht na Keizersgracht, mifereji iliyoanza kuchimbwa mwaka 1613, na nikiri kwamba ninavyovikumbuka vizuri zaidi ni viatu vilivyokuwa vikinibana. Tulikuwa na tiketi za saa kumi alasiri Prinsengracht, nambari 263, nyumba ambamo Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara, alijificha na wenzake wasikamatwe na Wanazi, na ili kupoteza muda tukaingia kando ya mfereji mwembamba unaoitwa Egelantiersgracht. Hapo ndipo tulipolikuta kabati.

Lilikuwa kabati la nguo, zito, limeviringishwa blanketi mbili, nalo lilining'inia usawa wa ghorofa ya pili. Wanaume wawili walikuwa wakivuta kamba iliyopita kwenye kapi kule juu, na wa tatu alijitokeza kwenye dirisha lililokwisha kung'olewa fremu, amenyoosha mikono hewani. Kijana aliyeshika kamba ya pili, ile ya kulizuia kabati lisiyumbe, aliitwa ndani. Akageuka huku na huku, akanikabidhi kamba bila kusema neno, kama mtu anayemwachia jirani mtoto. Kamba ilikuwa mbichi, inakwaruza, inanuka maji yaliyolala. Kila walipovuta juu, nilihisi kabati likitaka kwenda zake upande wa kushoto, nami nikajitia mzito kwa visigino. Nilikuwa nimesoma kwamba ngazi za nyumba hizo ni nyembamba na wima mno, kwa hiyo vitu vikubwa hupitishwa dirishani, na kwamba kuta ziliinamishwa makusudi ili mizigo isikwaruze matofali. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kuona nafasi ya kiganja kimoja tu ikibaki kati ya kabati la watu na ukuta, huku kamba ikiwa mkononi mwako, ni kitu kingine. Mlango mmoja wa kabati ukaachia kidogo chini ya blanketi, henga ya waya ikadondoka, ikagonga baiskeli iliyoegemezwa ukingoni, ikatumbukia majini. Hakuna aliyecheka. Kengele za kanisa la Westerkerk zikalia saa kumi kasorobo.

"Hiyo kamba si yako," mama yake aliniambia, akinivuta mkono wa koti.

Kijana alirudi wakati kabati limefika dirishani, pembe moja ndani na nyingine nje. Nikamrudishia kamba, tukaondoka karibu kwa kukimbia.

Kule tulikokuwa na tiketi, ngazi zilikuwa zilezile, nyembamba na wima. Tulipita nyuma ya kabati la vitabu lenye bawaba, lililoficha mlango ambao nyuma yake watu wanane waliishi kwa kujificha zaidi ya miaka miwili, hadi walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Vyumba vya ndani ni vitupu. Samani zote ziliondolewa baada ya kukamatwa kwao, na Otto Frank, baba yake Anne na wa pekee kati ya wale wanane aliyerudi akiwa hai, alitaka vyumba vibaki hivyo. Watu walikuwa wakitazama kuta. Mimi viganja vyangu vilikuwa bado vinanuka kamba, nikavitia mifukoni, na tulipotoka mama yake alinilaumu kwamba nimepita mle haraka kana kwamba ninadaiwa.

Haya yote sikumwambia mtoto. Alikuwa bado ameinua uso kwenye picha.

"Ni ya kupandishia tu," akauliza, "au na kushushia?"

Nilisema na kushushia pia. Akataka kujua walishusha nini. Mama yake akadakia kutoka jikoni kwamba hawakushusha chochote, walipandisha kitanda, na baba yako alikataa kuachia kamba. Nikamwambia lilikuwa kabati. Akasema kitanda, anakumbuka miguu yake.