Nilivyorekodi nyumbu akizaa Ndutu bila kukata picha

Picha za ndama wa nyumbu aliyekwisha kusimama zipo tele. Nilichokitaka mimi ni tukio zima kwa mkupuo mmoja, kuanzia kwato za mbele zinapotokeza hadi ndama anapokimbia ubavuni mwa mama yake. Wenzangu wa kazi hii watanielewa: ukikata katikati, mtazamaji hana namna ya kujua kama ndama anayemwona amesimama ndiye yule aliyeanguka majanini.

Msimu wenyewe unasaidia. Nyumbu hupandana karibu kwa pamoja, mwezi Mei na Juni, wakabeba mimba miezi minane na kidogo, na ikifika Februari majike wengi huzaa ndani ya wiki mbili tatu kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini mwa Serengeti, kaskazini mwa Tanzania, kati ya Ndutu na Bonde la Olduvai. Udongo wa pale ni majivu ya volkano yaliyopeperushwa kutoka milima ya Ngorongoro. Chini yake kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi, kwa hiyo uwanda uko wazi na mama humwona fisi akiwa bado mbali. Nyasi zake zina madini mengi, na mama anayenyonyesha anayahitaji.

Ugumu unatokana na gari. Nyumbu akishtuka kabla kichwa cha ndama hakijatoka, anaweza kuusitisha uzazi, akainuka na kukimbia miguu ya mtoto ikining'inia nyuma. Nimewahi kuona hivyo gari lilipomkaribia mama mwenye uchungu, na iliniuma. Ndiyo maana tulikubaliana mapema na mzee aliyekuwa akiniendesha: hatutamfuata nyumbu yeyote. Tutamngoja aje upande wetu.

Mzee huyo amekaa na wanyama hawa tangu ujana wake. "Usihangaike na tumbo, mwanangu, wote wana matumbo," aliniambia. "Tazama mkia." Jike mwenye uchungu hujitenga kidogo na wenzake, mkia umeinuka, analala, anaamka, anajizungusha, analala tena. Mzee alikuwa akimtambua kwa macho matupu kabla mimi sijamwona kwa darubini. Akishamtambua, tulizunguka mbali, tukaegesha kule kundi linakolisha kuelekea, jua likiwa mgongoni kwetu, tukazima injini.

Wengi wao huzaa asubuhi, na hiyo ni bahati kwa mpiga picha. Kuanzia saa nne hivi ardhi inapata moto, hewa inaanza kucheza, na kwa lenzi ya milimita 600 mnyama aliye mita mia moja anakuwa kama amechorwa kwenye maji. Kamera niliilaza juu ya mfuko wa mchele dirishani. Ndani ya gari hakuna aliyejigeuza wala kufungua chupa ya maji, maana kwa lenzi ndefu kiasi hicho hata kuegemea kiti kunatikisa picha. Maikrofoni tuliiweka juu ya paa, imevishwa manyoya ya kuzuia upepo.

Nilisita kidogo kuhusu kasi. Ningeweza kurekodi fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 100 kwa sekunde, ikichezwa kwa 25 kila kitu kinakwenda taratibu mara nne, na kinapendeza sana. Nikaacha. Ajabu ya ndama wa nyumbu ni wepesi wake, sasa kwa nini niufiche?

Mara nyingi tuliondoka mikono mitupu. Siku ilipokuja, jike alilala akitupa ubavu, kwato zikatoka, kichwa kikatoka, akainuka na ndama akaanguka chini amelowa. Mama akageuka kumlamba. Ndama aliinua miguu ya nyuma kwanza, akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena, ya mbele ikateleza. Haikufika dakika saba amesimama, anatafuta chuchu upande usio na chuchu. Kisha kundi likashtuka, fisi wawili walikuwa wanakuja, na yule mtoto mwenye umri wa dakika chache akakimbia na mama yake, mwili kwa mwili. Nilikuwa nalia, na kamera haikutikisika.

Wanaopanda kwenda Ndutu hupita ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ilipo piramidi ya mawe ya kumbukumbu ya Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki Januari 1959 akiwa na miaka 24, ndege yake ndogo ilipogongana na tai. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama hawahawa kutoka angani, na filamu yao ilipata tuzo ya Oscar. Wao waliionyesha dunia kundi. Mimi nilitaka mtu amwone mmoja.

Vumbi lilipotulia, ndama mwingine alibaki peke yake. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye gari letu akasimama kivulini. Ndama mchanga hufuata kitu kikubwa kinachotembea, hata kama ni gari, na wakati mwingine hata fisi. Tungewasha injini angetufuata. Tulikaa. Alimwendea jike mmoja, akapigwa pembe, maana nyumbu hamnyonyeshi mtoto asiye wake. Akarudi kivulini. Baadaye mstari wa nyumbu ukapita karibu, akajiunga nao, tukampoteza machoni.

Kwenye uhariri ilitolewa hoja kwamba tuunganishe matukio hayo mawili: ndama aliyepotea, halafu mama akimlamba ndama, na mtazamaji afurahi kwamba wamekutana. Picha zingekubali kabisa, rangi ni moja, mwanga ni mmoja, ndama wanafanana. Nilikataa, na nilikuwa tayari jina langu liondolewe kwenye filamu. Tulijadiliana kwa muda mrefu, wakanisikiliza. Uzazi umebaki mzima kama ulivyotokea, na baada ya ndama wa pili kuingia kwenye mstari, sauti ya msimulizi inasema hatukuona kama alimpata mama yake.