Barua Iliyopimwa na Makonyo

Barua ya chuo iliingia kwenye simu yangu asubuhi moja ya Aprili 2019, na kufika adhuhuri nusu ya mtaa wetu hapa Wete, Pemba, ilikwishajua kwamba chuo cha Marekani kimenipa dola 69,500 za mwaka wa kwanza. Mama alikuwa anapokea hongera mlangoni. Mjomba alikuja baada ya magharibi, na yeye hongera hakutoa. Alitaka barua, tena ya karatasi, nikarudi steshenari kuichapisha.

Mjomba alikuwa karani wa kituo cha kununulia karafuu kwa miaka mingi. Aliivaa miwani yake, akaisoma mara mbili, kisha akasema: "Mwanangu, hii imepimwa pamoja na makonyo yake."

Anayejua karafuu ameshaelewa. Ukipeleka gunia hujachambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, uzito unaonekana mkubwa, lakini makonyo si karafuu na bei yake si ya karafuu. Zile 69,500 zilikuwa jumla ya vitu vitatu: ruzuku 63,500, mkopo wa chuo 3,500, na kazi ya mwanafunzi 2,500. Vyote viliwekwa chini ya kichwa kimoja, "msaada". Kitu cha bure hapo kilikuwa ruzuku peke yake. Mkopo utarudishwa. Kazi utaifanya kwa mikono yako.

Akafungua daftari lake la mistari akaandika gharama zote za mwaka. Masomo 52,400. Ada nyingine za lazima 600. Chumba 7,800. Chakula 6,900. Bima ya afya 2,100. Hapo akapiga mstari, maana hizo ndizo chuo chenyewe kitakazokudai: 69,800. Chini ya mstari akaandika zile ambazo chuo kinazikadiria tu na utazilipa mwenyewe: vitabu 1,000, matumizi binafsi 1,500, nauli 1,700. Jumla kuu 74,000.

Mstari ule ndio uliokuwa somo zima. Mimi nilikuwa natoa 69,500 kutoka 74,000, napata 4,500, ambayo barua iliita mchango wa familia, na nikadhani ndio bei yangu. Mjomba alitoa ruzuku tu: 74,000 kasoro 63,500, inabaki 10,500. Hiyo ndiyo bei ya mwaka mmoja, ulipe leo, ulipe kesho au ulipe kwa jasho.

Kuhusu kazi alinichimba zaidi. "Hizi 2,500 wanazikata kwenye bili?" Sikujua. Tukasoma maandishi madogo: hazikatwi. Unalipwa kwa saa ulizofanya, kila wiki mbili, na kazi unaitafuta mwenyewe ukifika. Kwa dola 10 kwa saa ni saa 250, yaani kama saa nane kwa wiki katika wiki 30 za masomo. Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anaruhusiwa mpaka saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, ndani ya chuo, kwa hiyo saa nane si tatizo. Tatizo ni wakati. Tiketi ya ndege inanunuliwa Julai, vitabu vinatakiwa wiki ya kwanza, na malipo ya kwanza ya kazi hayaji mpaka umeshapata kazi, umejaza makaratasi na umeshafanya hizo saa. Pesa ya kazi haiwezi kukusafirisha.

Wala barua haikutaja gharama za kuondoka. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni, ilikuwa dola 200 (ilipanda kuwa 350 Juni ile ile), ada ya viza 160, boti kutoka Mkoani mpaka Unguja na nyingine mpaka Dar es Salaam kwenye ubalozi, na kurudi. Fomu ya I-20, ile ya chuo unayoombea viza, nayo haitolewi mpaka familia ionyeshe kwa karatasi za benki kwamba sehemu yake ipo.

Hapo ndipo Mama akauliza swali ambalo sote tulilipita: "Hizo 4,500 wamezipata wapi?"

Zilitoka kwenye fomu tuliyoijaza wenyewe. Mwanafunzi wa kigeni hajazi FAFSA, fomu ya kuombea fedha za serikali ya Marekani. Vyuo vingi vinamtaka ajaze CSS Profile, fomu ya kueleza mapato ya familia ili chuo kipime msaada wake. Fomu ile iliuliza mapato ya mwaka 2017, na 2017 ndio mwaka mikarafuu yetu ilipobeba mpaka matawi yakainama. Nilikuwa nimeandika mauzo yote, bila kutoa gharama. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, mtoto wa Pemba anazaliwa akilijua hilo, lakini mtu wa ofisi ya misaada aliyekaa mbele ya kompyuta nchi ya baridi ataona namba moja tu na kudhani ni mshahara.

Mama alikuwa na risiti zote kwenye mkebe wa biskuti. Tulizipanga juu ya jamvi: 2016, kilo 210, 2017, kilo 820, 2018, kilo 90. Kwa shilingi 14,000 kilo, mwaka ule mnene ulileta 11,480,000, na wachumaji, gari na majamvi mapya vikala 4,100,000. Wastani wa miaka mitatu ni kilo 373 na kitu, kama shilingi milioni 5.2 kabla ya gharama. Kwa kiwango cha wakati ule, shilingi 2,300 kwa dola, hiyo ni kama dola 2,270. Mchango waliotutaka ulikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Tuliandika barua usiku ule ule. Mjomba alikataa neno la kuombaomba hata moja. "Usimwambie sisi maskini. Mwambie namba yake ina kosa na kosa ni letu." Ikawa ukurasa mmoja: zao hili linazaa vipi, miaka mitatu kwenye jedwali, gharama za uchumaji, picha za risiti, na tafsiri ya kila risiti. Tukaongeza maswali mawili. Ada ikipanda mwakani, ruzuku inapanda nayo? Na nikikataa mkopo, mnaniondolea kitu kingine? Niliituma mapema kwa sababu jibu la kukubali nafasi lilitakiwa kabla ya Mei 1, na ukishakubali huna tena cha kujadiliana.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mchango wa familia ulishuka kuwa 1,900, ruzuku ikapanda 66,100. Mkopo ulikuwa hiari, ila nikiukataa pengo ni langu. Ruzuku haikufungwa na ada. Ingepitiwa kila mwaka. Mjomba alipiga hesabu upya: bili ya 69,800, toa 66,100, toa 3,500 ya mkopo, inabaki 200 kwa mwaka. Mia moja kwa muhula. Siku hiyo ndipo alipocheka.

Septemba bili ya muhula wa kwanza ilidai 947. Nilikwenda dirisha la malipo la chuo nikiwa na daftari la Mjomba, nikaelezwa kwamba ni kodi. Ruzuku inayolipia masomo, ada za lazima na vitabu vinavyotakiwa darasani haikatwi kodi. Ile inayolipia chumba na chakula ni mapato kwa sheria ya Marekani, na mwenye F-1 ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nao hukatwa asilimia 14. Sisi mkataba hatuna. Ruzuku 66,100, toa 54,000 za masomo, ada na vitabu, inabaki 12,100. Asilimia 14 yake ni 1,694, nusu yake 847, na ile mia moja ya muhula inakuwa 947. Sehemu ya kodi hiyo nilirudishiwa mwaka uliofuata nilipojaza ritani, fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka, lakini muhula ule nililipa kwa mafungu manne kutoka kwenye kazi ya kupanga vitabu maktaba.

Nilimpigia Mjomba kumweleza. Akanyamaza, nikasikia kurasa zinafunuliwa. "Nisomee tena polepole," akasema, "naiandika chini ya ule mstari."