Siku moja Grogan: kitasa cha mlango wa nyuma wa pikapu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko kwenye matatu, Jogoo Road, Nairobi, begi la vifaa mapajani. Foleni imeshashika. Mbele yetu kuna pikapu ya magunia ya viazi na mlango wake wa nyuma haujafungwa hata kwa kamba. Dereva kama huyo akikwama hapo kuelekea Landhies, kijana anavuta mkono wa mlango, mlango unaanguka, gunia linashuka, na dereva hana habari mpaka afike sokoni Marikiti.

Saa moja na nusu. Nafika Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Chai, mandazi, natandika turubai. Sina duka. Nina kipande cha lami mbele ya duka la spea, na mwenye duka tunaelewana: mteja akinunua spea kwake, mimi naifunga kwenye gari.

Saa mbili na robo. Anakuja mzee mmoja na Hilux Vigo, msambazaji wa vifaa vya ujenzi.

"Fundi, wamenibebea ndoo za rangi kwenye jam. Niwekee hiki." Ameshika mkono mpya wa mlango wenye tundu la ufunguo, yaani kitasa, bado umo ndani ya karatasi.

"Sawa mzee wangu. Lakini tuangalie kwanza mlango wenyewe."

Hapa ndipo wateja wengi huanza kuangalia saa. Wanadhani kitasa ndicho kinachoshika mlango. Hapana. Kinachoshika mlango ni komeo mbili, moja kila upande, na kila komeo linavutwa na ufito wa chuma unaotoka kwenye mkono hapo katikati. Kitasa kazi yake ni kuzuia mkono usiinuke, basi. Komeo likiwa limelika, mwizi hata hahitaji kugusa mkono. Anapiga mlango bega unaachia. Utakuwa umenunua pambo.

Saa tatu. Nashusha mlango, nafungua kifuniko cha ndani. Soketi namba kumi, ile inayopotea kwenye begi la kila fundi wa mji huu, leo ipo. Ndani nakuta udongo, vipande vya saruji iliyoganda, na punje za mahindi ambazo mzee anaapa hazijui. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yameziba kabisa, kwa hiyo maji ya mvua yalikuwa yanakaa humo humo. Komeo la kushoto lina kutu, springi yake inarudi kwa uvivu. Nazibua matundu kwa waya, napiga brashi, napaka grisi, nalisukuma na kuliachia mpaka lipige "tak" kama mwenzake wa kulia.

Kisha fito. Kila ufito umeshikwa na kaklipu ka plastiki. Haka hakavutwi: unakazungusha kwanza kaachie ufito, ndipo unautoa ufito kwenye tundu lake. Vijana wengi huingiza bisibisi na kukabandua, na plastiki iliyopigwa na jua la miaka haina huruma, inavunjika pale pale. Nina kopo la klipu nilizotoa kwenye magari yaliyokufa, na siliazimishi mtu.

Saa nne. Nati mbili, mkono wa zamani unatoka. Mpya unaingia, nakaza kwa kiasi tu maana kava ni plastiki. Narudisha fito, nafunga klipu. Nyuma ya tundu la ufunguo kuna ulimi mdogo wa chuma. Ukizungusha ufunguo, ulimi unakaa mbele ya mkono na kuuzuia.

Sasa jambo ambalo kijana ninayemfundisha kazi nimemkariria mpaka amechoka: jaribu mlango ukiwa wazi. Unasukuma komeo kwa bisibisi zijifunge kama vile mlango umefungwa, unazungusha ufunguo, unavuta mkono. Zisiachie. Unafungua kwa ufunguo, unavuta tena. Ziachie zote mbili kwa pamoja. Ndipo unarudisha kifuniko.

Mzee anafunga, anavuta kwa nguvu zote, anacheka. Namwambia asiweke ufunguo wa pili kwenye gari hilo hilo. Namwambia pia kwamba kwenye pikapu nyingi, mlango ukishafunguka na nyaya zinazoushikilia kutolewa, unainuliwa na kubebwa mzima bila spana yoyote, kwa hiyo kitasa kinalinda mlango pia. Hilo hakulijua. Analipa kwa M-Pesa, anaondoka.

Saa saba. Chapo madondo, yaani chapati na maharagwe. Hakuna la kusimulia.

Saa tisa. Mama mmoja analeta pikapu ya D-Max yenye kanopi, lile paa la kufunika nyuma, imejaa katoni, na mlango wa nyuma umegoma. Ufunguo unazunguka, mkono unainuka, hakuna kinachotokea. Amefungiwa kitasa juzi na fundi mwingine. Nikivuta mkono nasikia chuma kikicheza ndani ya bati: ufito umeanguka. Nati za kifuniko ziko upande wa ndani, na ndani kuna katoni mpaka juu.

"Mama, dirisha la kanopi linafunguka?"

"La upande huu tu."

Kijana wangu ni mwembamba, kwa hiyo safari ni yake. Tunatoa katoni moja moja kupitia dirishani, anatambaa na soketi na tochi ya simu, anafungua kifuniko, anavuta komeo la kulia kwa kidole huku mimi nimeinua mkono. Mlango unashuka. Klipu haikuwepo kabisa. Ufito ulikuwa umefungwa kwa uzi.

Saa kumi na nusu nimeshaweka klipu mbili, nimejaribu mlango ukiwa wazi, mama mwenyewe amezungusha ufunguo.

"Na yule wa kwanza nimdai pesa zangu?"

"Hayo ni yako na yeye, mama. Mimi unilipe klipu na kazi yangu, na huyu kijana umtafutie soda."